Sabiha wa Tuwan agoma kushuka kutoka paani

Umande haujakauka Kanduyi, Bungoma, lakini Sabiha Abdirashid tayari yuko kazini. Amekaa juu ya mgongo wa nyumba ya Mzee Wekoye, mguu huku, mguu kule, mtaimbo mkononi na misumari mitatu mdomoni. Hijabu ameifunga nyuma kwa fundo la kazi, na chini ya dera amevaa suruali ya jinzi iliyopauka magotini.

Anachomeka ncha ya mtaimbo chini ya kibao cha kuezekea cha mti wa mtarakwa, anakandamiza, kibao kinalia kisha kinaachia. Anakitupa upande wa migomba na kuhamia kingine.

Chini uani wamesimama wanaume kama ishirini, mikono nyuma, wamekunja shingo kumtazama. Hawakuja kumpa pole ya kazi.

“Wewe mama, shuka!” anapaza sauti Mukhwana, mdogo wake Mzee Wekoye, mwanamume mnene aliyevaa koti la suti lisilo na suruali yake. “Shuka chini tuongee kama watu. Halaka, bana!”

Sabiha anatema misumari kiganjani. “Tuongee tu, mzee. Masikio niko nayo hata huku juu.”

“Hatuongei na mwanamke akiwa juu ya nyumba ya watu!”

“Basi ngojeni nimalize.”

Anarudisha misumari mdomoni. Mazungumzo ya asubuhi yanaishia hapo, kwa muda.

Mpita njia anaweza kudhani wanagombania malipo. Wala. Jumatatu Sabiha alipopanda mara ya kwanza wazee hawa walinung’unika, maana kwa Wabukusu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni kama kumtabiria kifo mwenye nyumba. Lakini huyu si mke wa boma. Ni fundi kutoka Kitale, tena Mwislamu, mgeni wa mila zao, na mwenye nyumba ndiye aliyemwita. Wakameza mate wakanyamaza. Ya jana ndiyo yaliyowakwama kooni.

Juu ya nyumba hii, katikati ya mgongo wa paa, palikuwa na mti mwembamba uliosimama wima. Sabiha alipofika hapo jana asubuhi akauona umeliwa na jua, akadhani ni ule wa zamani wa kufungia waya wa redio. Akaung’oa. Akautupa chini pamoja na vibao vilivyooza, akaendelea na kazi.

Kumbe mti ule ndio Mzee Wekoye mwenyewe. Katika mila ya hapa, mti wa kileleni husimama maadamu mwenye boma anapumua, na siku akikata roho huondolewa. Apitaye barabarani hahitaji kuambiwa. Akitazama paa na kukosa mti, anajua hapa pamefiwa.

Wa kwanza kutazama alikuwa jirani aliyekuwa akichuma kunde. Aliweka kikapu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukemi. Kanduyi ukemi hauulizwi ushahidi. Wanawake walifika wamejifunga leso viunoni, viti vikatolewa uani, vijana wakaanza kupasua kuni, na mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo wa kumsindikiza marehemu. Aliye na simu alipiga, na ndugu wa Kimilili wakawa tayari njiani.

Sabiha aliyaona yote kutoka juu, na hakuelewa hata moja.

“Nikasema, maskini, hawa watu wamefiwa,” anasema. “Nikapunguza kupiga nyundo kwa heshima. Kumbe msiba nimeuanzisha mimi.”

Marehemu wakati huo alikuwa mjini Bungoma kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mtu aliingia kibandani akasema Mzee Wekoye wa Kanduyi ametuacha. “Nikamuuliza, amewaacha lini?” anasimulia mzee huyo, aliyewahi kuwa mpiga kengele wa stesheni na ambaye hucheka bila kufungua mdomo. “Akaniangalia, akatoka mbio. Hata mlango hakufunga.”

Mzee alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, kichwa nusu nusu, akakuta watu wakimlilia. Waliokuwa karibu na lango walitimua mbio. Msaidizi wa Sabiha, jamaa wa mtaa wao wa Tuwan, Kitale, aitwaye Sufian, aliachia bati lililokuwa mikononi mwake, akaenda moja kwa moja hadi stendi, na hadi leo hajaonekana.

Mkewe Mzee, Mama Nakhungu, alikuwa sokoni. “Nafika nyumbani, watu wananikumbatia ati pole mama, pole mama. Pole ya nini? Mimi bwana yangu nimemuacha asubuhi akitafuta kichana!”

Watu walicheka hadi machozi. Kicheko kilipokwisha, hasira zikaingia. Jioni wazee wakakaa, wakaamua. Kondoo achinjwe kulitakasa boma. Kazi isimame. Yule mwanamke ashuke, na kaka yake Abdinasir aitwe kutoka Kitale aje amalizie paa. Yeye, kwa kuwa wamemhurumia, ataruhusiwa kusimama chini na kumpokeza kaka yake mabati.

Kondoo Sabiha alimkubali. Hayo ya mwisho yalimchoma hadi kwenye mfupa.

Ili kuelewa kwa nini, lazima kurudi Tuwan, Kitale, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, Abdirashid. Mzee huyo alikuwa mpasuaji wa mtarakwa, ule mti wa milimani wenye harufu ya sanduku la nguo. Magogo yaliteremshwa kutoka Mlima Elgon, naye aliyapasua kwa shoka na nyundo ya mti kuwa vibao vyembamba vya kuezekea. Nyumba nyingi za wazungu wa mashamba ya Trans-Nzoia zilivikwa kwa mikono yake.

Aliwafundisha kazi watoto wake wote wawili. Sabiha, kwa kuwa alikuwa mwepesi, ndiye aliyepandishwa juu. Abdinasir alibaki chini, na chini ndiko aliko mpaka leo.

“Kaka yangu ni mtu mzuri, usiandike vibaya juu yake,” anaonya Sabiha. “Lakini huyo akipanda kiti kubadilisha balbu, anatoa shahada kwanza.”

Hata hivyo baba alipofariki, jina la ufundi lilikwenda kwa mwana wa kiume. Wateja walimtafuta fundi Abdinasir. Abdinasir alisalimia, alipokea chai, alitikisa kichwa kama mjuzi, na Sabiha akapanda. Kwa miaka kumi na mitano wakalipwa hivyohivyo: fundi shilingi mia tatu na hamsini kwa siku, msaidizi mia na hamsini. Msaidizi alikuwa yule aliyekuwa juu ya paa.

Mwaka jana Abdinasir alifungua duka la mitumba karibu na msikiti, akachoka kujifanya. Simu ya Kanduyi ilipokuja mwezi uliopita, alimwambia dada yake, “Nenda peke yako. Sema ni wewe.” Hili basi ndilo paa la kwanza katika maisha ya Sabiha kuezekwa kwa jina lake mwenyewe.

Ndiyo maana hashuki. Akishushwa leo, habari itafika Kitale kabla yake: yule mama aliyeteremshwa paani Bungoma, ikabidi kaka aitwe. Atarudi kwenye mia na hamsini zake, na huko atazeekea.

“Nikishuka leo nikiwa sijamaliza, sipandi tena,” anasema. “Mimi najijua.”

Kazi yenyewe si ya mtu mwenye pupa. Nyumba hii ilijengwa zamani kwa ajili ya meneja wa kinu cha pamba, na Mzee Wekoye aliinunua alipostaafu. Vibao vyake vimeota kuvu la kijani, vingine vimejikunja kama majani ya tumbaku. Kuweka vibao vipya vya aina hiyo haiwezekani, kwani tangu ukataji wa miti msituni upigwe marufuku, mtarakwa hauonekani sokoni. Isitoshe, maji yanayopita juu ya vibao hivyo hutoka kahawia na machungu kama dawa, na Mama Nakhungu amechoka kuteremka chemchemini na mtungi huku mvua inamwagika bure juu ya nyumba yake.

“Nataka kunywa maji ya paa yangu,” anasema mama huyo. “Ni hiyo tu.”

Hivyo Sabiha anavua vibao kipande kwa kipande, anang’oa fito za zamani zilizobanana, anapigilia pao mpya za kushika misumari, kwa nafasi inayolifaa bati, kisha anaezeka. Ana sheria moja aliyoachiwa na baba yake: usivue mahali ambapo huwezi kuvisha kabla ya mvua ya alasiri. Jana sheria hiyo ilivunjwa na matanga ya mtu aliye hai. Upande wa nyuma ulibaki wazi, na familia ikalala chini ya turubai.

Mara nyingine anashika kibao, anakinusa kabla ya kukitupa. Alipoulizwa kama haoni uchungu kuvunja kazi ya aina ile ile iliyomlea, hakuzungukazunguka. “Naona uchungu sana. Harufu hii ni ya baba. Lakini baba hakufundisha watu kunyeshewa.”

Saa tano mawingu yanaanza kukusanyika upande wa mlima. Mukhwana anayaona, na yanampa hoja.

“Abdinasir atafika Ijumaa,” anasema, safari hii kwa upole. “Tungoje tu, dada. Turubai iko.”

“Mvua haina habari na Ijumaa, mzee.”

“Hakuna mtu atakupea bati huko juu!”

Hilo ni kweli. Sufian hayupo, na hakuna mwanamume hata mmoja uani anayenyoosha mkono. Bati la geji ishirini na nane haliwezi kujipandisha lenyewe. Sabiha anatazama rundo la mabati chini, anatazama mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mtaimbo wake unatulia.

Ndipo Mama Nakhungu anatoka jikoni, mikono bado ina unga. Anafuta viganja kwenye leso, anainua bati la kwanza, analisimamisha ukutani na kulisukuma juu.

“Shemeji!” Mukhwana anashika kichwa.

“Shemeji nini? Jana mmenililia bwana akiwa kwa kinyozi. Rero, leo hii, mvua ikininyeshea kitandani, mtakuja kunililia tena?” Anainama kuchukua bati la pili. “Toka hapo, unakanyaga misumari.”

Mabati yanapanda. Nyundo inaanza kusikika tena, na safari hii haipunguzwi kwa heshima ya mtu. Wanaume wanatazamana. Wawili wanaondoka kimyakimya, mmoja anakaa kwenye kiti cha matanga ambacho hakuna aliyekumbuka kukirudisha.

Lakini Mukhwana ana hoja moja isiyoweza kupuuzwa, na Sabiha mwenyewe anaikubali. Mti wa kileleni lazima urudi.

“Hapo mimi nimekosa,” anasema kutoka juu. “Sikujua na sikuuliza. Ningeuliza. Ninaomba msamaha kwa Mzee na kwa watu wake. Lakini kukosa kwangu si sababu ya kuninyang’anya kazi.”

Tatizo ni kwamba juu ya vibao mti ulichomekwa tu kati ya mbao. Bati halina huruma ya namna hiyo. Ukitoboa mgongo wake umeikaribisha mvua ndani, na hakuna fundi anayejiheshimu atakayefanya hivyo. Sabiha anakaa akifikiri, mkono shavuni. Kisha anamwomba Mama Nakhungu amrushie mkasi wa bati na kopo la lami.

Anakata kipande, anakiviringisha kwenye mpini wa nyundo, anakunja kingo zake zikawa kama shingo ya chupa. Hivi ndivyo walivyokuwa wakifunika bomba la moshi katika nyumba za mashamba, anaeleza. Anakipigilia juu ya mgongo, anakizungushia lami kwa kidole. Mti utasimama humo, na maji yatateleza nje.

“Leteni mti,” anasema.

Mukhwana hasogei. Mti anao yeye. Jana jioni aliuokota kwenye takataka, akaufuta, akaulaza chini ya kitanda chake usiku kucha. Sasa anautoa ndani ya koti, na macho yake ni mekundu. Huyu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye kwa muda mfupi jana aliamini kwamba kaka yake amekufa, na bado hajapona.

“Siwezi kumpa mwanamke,” anasema. “Nifanyeni mtakavyo. Siwezi.”

Hapo mlango unafunguliwa, Mzee Wekoye anatoka. Tangu jana hajasema neno juu ya uamuzi wa wazee, na kichwa chake bado ni nusu nusu, kwani anasema yeye hamwamini tena kinyozi yule. Anasimama mbele ya mdogo wake.

“Mukhwana, huu mti ni wa nani?”

“Ni wako.”

“Basi leta.”

Anauchukua, anauweka kwapani, anaendea ngazi. Goti lake la kushoto ni bovu na kila mtu anajua. Mkewe anashika ngazi kwa chini, anaomba kwa sauti. Ngazi inapokwisha Mzee anakwama, hana pa kushika. Sabiha hampi mkono, kwa kuwa dini yake na adabu yake vinamkataza. Anageuza nyundo, anamnyooshea mpini. Mzee anashika mpini, fundi anashika chuma, na Mzee anavutwa hadi juu.

Wote wawili sasa wamekaa kileleni, mwanamke na mwenye nyumba. Mzee anachomeka mti. Sabiha anaukaza kwa waya.

“Mulembe!” Mzee anawasalimia watu wake kutoka juu. “Mnaniona?”

Wachache wanaitikia.

“Nimeambiwa jana mlinililia vizuri sana. Asanteni, nimejua mnanipenda. Lakini huyu aling’oa mti na mimi sikukufa. Sasa mnaogopa nini? Nyumba ni yangu, mti ni wangu, na fundi ni wangu. Atamaliza.”

“Ukikufa mwaka huu,” Mukhwana anamjibu, “usije ukasema sikukuambia!”

Hata waliokuwa wamenuna wanaangua kicheko, na Mukhwana mwenyewe anajifuta macho kwa mkono wa koti. Hasemi amekubali. Anaenda kumfungua kondoo. Mzee anaagiza mtu wa msikitini aitwe kumchinja, ili fundi naye apate kula, na wazee wawili wanasusa nyama hiyo kwa sababu hiyo. Hakuna anayewabembeleza.

Bati la mwisho linapigiliwa matone ya kwanza yakianza kuanguka. Ndani ya nyumba kelele ni kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe tupu, na Mzee Wekoye analalamika kwamba vibao vilikuwa vinanyamaza.

“Vilinyamaza vikikulowesha, Mzee,” Sabiha anamjibu akifunga mtaimbo kwenye gunia.

Mama Nakhungu yuko nje, chini ya ncha ya paa, amekinga sufuria mvuani. Ameacha maji ya kwanza yasafishe bati. Sasa anainua sufuria, anakunywa, kisha anaikinga tena.

Jumatatu ijayo Sabiha anaanza nyumba ya mkulima mmoja huko Moi’s Bridge, Jepchumba, ambaye vibao vyake vimeoza vivyo hivyo. Baada ya hapo kuna paa la ghala, na kanisa moja kwenye miteremko ya Elgon limetuma mtu kuuliza. Anataka kununua ngazi yake mwenyewe, na kutundika ubao Tuwan wenye jina lake. Jina lake tu. Abdinasir ameahidi kuupaka rangi, mradi usitundikwe juu sana.

Anaulizwa swali ambalo kila mtu uani anajiuliza: je, ikitokea kweli Mzee akafariki, si watasema ni yeye?

“Watasema,” anajibu bila kupepesa macho. “Wacha waseme. Mimi nitakuwa juu ya paa lingine.”

Mzee Wekoye, aliyeegemea nguzo ya baraza akisikiliza, anakohoa kidogo. Anamgeukia Mukhwana na wazee waliojibanza wakikwepa mvua.

“Nyinyi nyote mnisikie. Siku nikifa ya kweli, huo mti usiguswe na mtu wa hapa. Mwiteni huyu mama aje aung’oe.”

Sabiha anabeba gunia lake begani, anavuta hijabu mbele kuikinga mvua.

“Nitakuja, Mzee,” anasema. “Lakini usiniharakishe. Niko na kazi mpaka Desemba.”